Kobe wa msituni ndani ya parseli: anakufa polepole, bila kulia

Mara nyingi anafika ndani ya mfuko. Papa ametoka machimbo upande wa Mambasa, amekaa kule miezi mitatu, motari anamshusha mbele ya mlango na mizigo yake: nguo za matope, redio, sufuria, na chini kabisa kitu kigumu kinachokwaruza. Watoto wanapiga kelele, majirani wanakuja kuangalia. Siku ya kwanza kobe anapewa ndizi, bugali, mkate, kila mtu anataka kumwona akila. Juma la pili amekuwa kama jiwe la kiwanja, watu wanamruka wakienda kuteka maji. Hapo njo shida yake inaanza.

Kuku akiwa na njaa anasumbua nyumba nzima. Mbuzi akikosa majani anavunja uzio wa jirani na utapata habari yake mbele ya jioni. Kobe hana sauti ya kulia njaa, na hana mbio za kukimbia shida. Mwili wake unatumia chakula kidogo sana, na anaweza kukonda miezi na miezi bila mtu kuona, sababu gamba halikondi. Juu ni yule yule, ndani anakwisha. Ndiyo maana utasikia watu wanasema: "Muache tu, hii nyama haisumbuake mutu." Halafu siku moja, baada ya mwaka ao miwili, watoto wanamkuta amenyoosha shingo, na wote wanasema alikufa ghafla. Hakufa ghafla. Alianza kufa siku aliyotolewa ndani ya mfuko.

Tuseme wazi mbele ya kuendelea: kobe aliye msituni, umwache msituni. Ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyowekwa mwaka wa 1992 na kuandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia mwaka wa 1996, kuchukua nyama bila ruhusa ni kosa, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 2014 juu ya ulinzi wa maumbile iko pale. Kumvusha mpaka, kwa barabara ya Mahagi ao kwa mtumbwi kutoka Kasenyi, ni jambo lingine tena: kobe wote wa nchi kavu wako chini ya mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka wa 1973, na bila karatasi za serikali mtu aliyekuahidi dola upande wa pili atakuachia wewe kesi. Lakini tunajua pia kwamba wako wengi ambao wamekwisha kufika katika parseli za Bunia, na hao hawangoji hotuba. Wanangoja maji.

Wa kwanza wa kujua ni nani uliye naye. Kobe anayetoka katika misitu ya Mambasa kwa kawaida ni yule ambaye wataalamu wanamwita Kinixys erosa. Rangi yake ni ya majani makavu, kahawia yenye manjano kidogo, na ukingo wa gamba lake umejikunja kwenda juu kama meno ya msumeno. Mkubwa anaweza kupita sentimeta 30. Alama yake kubwa iko nyuma: sehemu ya nyuma ya gamba ina bawaba kama ya mlango. Akiogopa, anaifunga juu ya miguu ya nyuma na mkia. Watoto waonywe, sababu kidole kikiwa pale wakati mlango unafungwa, kinabanwa kweli. Kwa kobe mchanga bawaba hiyo haijaonekana bado, inakuja na umri.

Ndugu yake wa nyasi, Kinixys belliana, anaishi kwenye savana za Uganda na za upande wetu wa kaskazini-mashariki. Ana bawaba pia, lakini ukingo wa gamba lake ni laini zaidi, na anavumilia jua na ukavu kuliko yule wa msitu. Kama kobe wako ni wa bapa, miguu yake ina ngozi katikati ya vidole kama ya bata, na mlango wake uko chini upande wa mbele, huyo si wa nchi kavu hata kidogo. Ni kobe wa maji, wa aina wanaoonekana kwenye Ziwa Albert na mito yake. Kumweka kwenye vumbi la kiwanja ni kama kumweka samaki ndani ya kikapu, na maneno mengine ya ukurasa huu hayamhusu.

Kosa kubwa linalofanyika Bunia linatoka kwenye telefone. Mtu mwenye nia nzuri anatafuta mashauri, anasoma kwamba kobe anataka mchanga mkavu, jua kali, majani makavu na maji kidogo. Mashauri hayo si ya uongo, lakini yaliandikwa juu ya kobe wengine: wale wa Ulaya ya kusini, wa ukingo wa Sahara, ao wa nyanda kavu za Kenya. Kobe wa msitu wa Ituri anaishi chini ya miti mikubwa, kwenye majani yaliyooza, karibu na vijito, mahali ambapo nguo haikauki siku mbili. Anaingia majini kwa kupenda. Ukimweka juani kwenye sementi, unamkausha kama ndagala.

Kwa hiyo mfanyie kipande kidogo cha msitu. Chagua kona yenye migomba, maana mgomba unatoa kivuli na udongo wa chini yake unashika maji. Kwa kobe mmoja mkubwa, mita 2 kwa 3 ndiyo kidogo kabisa. Zungusha matofali ao mbao zisizo na nafasi katikati, urefu wa nusu mita, na zianzie chini ya udongo kidogo juu ya kuchimba kwake. Usitumie waya wa kuku: akiona nje atasukuma kutwa nzima mpaka pua itoke damu. Weka udongo mweusi laini, juu yake majani makavu ya mgomba, mengi, mpaka akiingia asionekane. Kobe aliyejificha ana amani. Asubuhi na jioni mwagia maji. Kati ya mwezi wa 12 na mwezi wa 2, wakati vumbi la barabara linapaka kila kitu rangi nyekundu, kazi hiyo ya kumwagia maji ndiyo inayoamua kama ataona mvua za mwezi wa 3.

Maji ya kunywa na ya kuoga ni kitu kimoja kwake. Zika besani ya chini ndani ya udongo, ukingo wake uwe sawa na ardhi, na uweke jiwe bapa la kumsaidia kutoka. Maji yasipite kidevu chake. Atakunywa humo, atajisaidia humo, kwa hiyo badilisha kila siku. Kama ndiyo kwanza ametoka safari, amefungiwa mfukoni siku mbili ao tatu, chakula si cha kwanza. Mweke kwenye maji ya vuguvugu ya chini, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, siku kadhaa mfululizo. Wengi hawafungui mdomo kula mpaka wamekunywa vya kutosha.

Usiku ni jambo ambalo watu hawalifikirii. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri hapa si ile ya msitu wa chini. Mjengee kisanduku cha mbao, ukifunike kwa nyasi, ukijaze majani ya mgomba. Tole peke yake haifai: mchana inachoma, usiku inakuwa barafu. Siku za mvua ya baridi, mwingize ndani ya nyumba kwenye sanduku lake. Lakini usimwashie mbabula ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua kobe, na inaua watu waliolala pembeni yake.

Sasa chakula, na hapa kobe wa msitu anawashangaza wengi. Si mla majani tu. Porini anakula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, minyoo, jongoo, wadudu, hata mzoga akiukuta. Ndani ya parseli unaweza kumfuata karibu hivyo: uyoga unaoliwa na watu, vipande vya papai, embe, ndizi kidogo, matembele, lengalenga, na mara moja ao mbili kwa juma konokono wa bustani ao minyoo ya udongo. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, mwachie wachache. (Najua, nyumba nyingi hazina kumbikumbi wa kuachia mtu.) Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakasagwa kama unga na kunyunyiziwa juu ya chakula, yanampa chokaa ya gamba. Chokaa hiyo mwili hauitumii vizuri bila mwanga wa jua, kwa hiyo jua la asubuhi linalopita katikati ya majani anapaswa kulipata. Jua la saa sita, hapana.

Bugali, mkate, mchele, biskuti na maziwa si vyake. Atakula, ndiyo, sababu ana njaa, na mtu atasema: "Iko inakula bugali muzuri." Tumbo lake halijui kazi hiyo. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, ile ile ambayo mama anaiondoa kwa kutwanga na kuchemsha sombe muda mrefu, na sombe iliyokwisha iva ina chumvi na mafuta. Vyote viwili umnyime. Avoka pia uache. Okota kila kipande cha saşe ya plastiki kinacholetwa na upepo, maana chenye rangi kali anakijaribu kwa mdomo.

Kuna desturi moja ambayo lazima tuiseme bila kuzunguka: kutoboa ukingo wa gamba na kupitisha kamba ao waya, ili afungwe kwenye mti kama mbuzi. Watu wanafikiri gamba ni kama kucha. Si hivyo. Chini ya ngozi ile ngumu ya juu kuna mfupa, na mfupa huo umeungana na mbavu na uti wa mgongo. Una damu, na anausikia. Kutoboa pale ni kutoboa mfupa wa kitu kisichoweza kulia, na kidonda chake kinaoza pole pole ndani. Kumpaka rangi ao vernisi ili ang'ae mbele ya wageni, nayo ni kazi ya bure inayomdhuru. Kama unaogopa atapotea, jenga uzio.

Na uzio wenyewe usiuweke popote. Hili ni kwa nyumba za wachimbaji hasa. Wako wanaochoma dhahabu nyumbani, nyuma ya jiko ao chini ya mwembe, ili kutoa merkiri. Moshi ule hauonekani vizuri, lakini haupotei: unashuka juu ya tole, ukutani, kwenye udongo, na mvua inausukuma bustanini. Kobe anatembea tumbo likigusa udongo huo, anakula konokono waliotoka humo, anakunywa maji yaliyotiririka humo. Usimweke pale, wala usimwagie maji uliyooshea dhahabu. Na ukikubali kwamba mahali pale hapafai kwa kobe, basi angalia mtoto anayetambaa anacheza wapi, na mama mwenye mimba anapikia wapi. Merkiri inaingia kwa pumzi, inagusa ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia kuliko wote. Kuchomea mbali na nyumba, nje, mahali pasipopikiwa wala kulaliwa, ni heri kuliko chini ya mwembe wa nyumbani, hata kama pale kule pia moshi unabaki kuwa sumu kwa anayeuvuta.

Kobe naye ana kitu cha kuwapa watoto kisicho kizuri. Kobe mzima kabisa, anayekula na kutembea, anaweza kubeba salmonela tumboni mwake, na mtoto akamshika kisha akaweka vidole mdomoni akapata kuhara kukali. Marekani walikataza tangu mwaka wa 1975 kuuza kobe wadogo, wale wasiofika kama sentimeta 10, sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni na kuugua. Hapa Bunia dawa yake tunaijua: bidoni ya kunawa mikono iliyokuwa mbele ya kila mlango wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Irudishe karibu na uzio, pamoja na sabuni. Besani ya kobe isioshwe pamoja na sahani, maji yake yamwagwe chooni, na watoto wa chini ya miaka mitano wamwangalie kwa macho tu.

Utajuaje kama anakwisha, wakati gamba halisemi kitu? Kwa mizani. Nyumba iliyozoea kuona manegosia wakipima dhahabu haihitaji kufundishwa maana ya kipimo kidogo. Mizani ya dhahabu haitamtosha, lakini ya muuza maharagi itamtosha. Mpime mara moja kwa mwezi, siku ile ile, uandike kwenye daftari ya mtoto wa shule. Mtoto mwenyewe afanye hesabu. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, kuna jambo, hata kama anatembea. Alama nyingine ni macho yaliyozama ao yaliyovimba, pua yenye mapovu, mdomo unaobaki wazi akipumua, gamba linalobonyea chini ya kidole kwa kobe ambaye si mchanga tena. Mapovu ya pua mara nyingi ni baridi iliyoingia kifuani. Mpe joto kwanza, halafu tafuta daktari wa mifugo.

Ukifika kwa huyo daktari, ao kwa muuza dawa za ng'ombe sokoni, kuna neno moja la kushika: ivermectine. Ndiyo sindano inayojulikana kuliko zote kwa wafugaji wa Djugu na Irumu, inaua kupe na minyoo ya ng'ombe vizuri sana. Kwa kobe ni sumu. Inalegeza miguu, inasimamisha pumzi, na hata kidogo inaweza kumwua. Kobe wa porini karibu wote wana minyoo, na ziko dawa nyingine ambazo daktari anaweza kupima kulingana na uzito, na hapo daftari yako itafanya kazi. Kupe mtoe kwa mkono, kwa kijiti ao koleo ndogo, kwenye mikunjo ya shingo na miguu.

Maadui wengine unawajua: mbwa wa jirani, nguruwe, panya usiku, na siafu, ambao ni wabaya kuliko wote kwa sababu kobe hawezi kuwakimbia. Pitisha majivu kuzunguka uzio wakati wa mvua. Mwizi naye yupo. Kiswahili chetu cha huku kina neno moja, nyama, kwa kile kinachotembea porini na kile kinachochemka ndani ya chungu, na kuna jirani anayesikia maana ya pili kwanza. Hata Zanzibar hawakukwepa hilo. Kwenye kisiwa cha Changuu, mbele ya mji, gavana wa Shelisheli aliwatuma kobe 4 wakubwa sana mwaka wa 1919. Walizaana, kufikia mwaka wa 1955 walikuwa karibu 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wa kuuza na wa kula, na mwaka wa 1996 walibaki 7. Ilibidi kujengwa uzio mkubwa na kuwekwa ulinzi ndipo wakaanza kuongezeka tena.

Wale wa Changuu angalau wanataga mayai mengi. Kobe wetu wa msitu anataga machache, hayapiti sana 4 kwa mara moja, na mtoto anachukua miaka mingi kuwa mkubwa. Ukichukua jike mmoja mzima kando ya kijito, umechukua na wale wote ambao angewazaa. Dume unamjua kwa mkia mrefu mnene na tumbo lililobonyea kidogo ndani. Usiweke madume wawili pamoja, wanagongana mpaka mmoja anapinduliwa, na kobe aliyepinduliwa juani hana saa nyingi.

Bado kuna swali la nani atabaki naye. Papa anarudi machimboni, mama yuko sokoni tangu asubuhi, na kobe anaweza kuishi kupita miaka yote ya shule ya mtoto aliyeletewa. Mpatie mtu mmoja jina la kazi hiyo. "Watoto wataangalia" maana yake hakuna anayeangalia. Na kwa sababu watu wa Ituri wanajua kukimbia usiku bila kujitayarisha, acha sehemu moja ya uzio ambayo tofali lake linatoka kwa mkono. Ukilazimika kwenda bila kujua siku ya kurudi, ondoa tofali hilo. Ndani ya uzio uliofungwa, bila mtu wa maji, hana nafasi yoyote.

Kama umechoka naye, usimtupe kwenye bonde la Shari ukifikiri umemrudishia uhuru. Si nyumbani kwake, na magonjwa aliyookota karibu na kuku anaweza kuwapelekea wengine. Peleka habari kwa watu wa ICCN ao wa ofisi ya mazingira, useme alitoka wapi hasa, kijito gani, karibu na machimbo gani. Aliyemleta ndiye anayejua, kwa hiyo muulize papa mbele hajapanda moto ya kurudi, na uandike kwenye ile daftari, ukurasa wa kwanza.